Majani Yanayougua: Kuvu, Ukungu na Maneno ya Bunia

Neno "majani" lina kazi nyingi hapa Bunia, mji wetu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Ni majani ya muhogo yanayotwangwa kuwa sombe, ni majani ya chai, ni rangi ya kijani kwa wazee wengi, na ni nyasi zote kwa jumla: za malisho ya ng'ombe upande wa Djugu, za kando ya barabara, za kiwanja cha mpira cha shule. Mswahili wa Dar es Salaam ana "nyasi" kwa zinazoota chini na "majani" kwa yanayoning'inia mtini. Sisi wa Ituri tumeyaweka yote chini ya neno moja, na siku nyingi hatupati hasara, kwa sababu anayetusikiliza anakiona tunachokionyesha kwa mkono. Hasara huanza nyasi zinapougua, maana duka la dawa za kilimo liko mbali na kiwanja, na mbele ya muuzaji hakuna cha kuonyesha.

Mtu ambaye kiwanja chake kimetoka mabaka huingia dukani akaomba "dawa ya majani". Kwa wauzaji wengi maneno hayo yana maana moja tu: dawa ya kusafishia shamba kabla ya kupanda, yaani glifosati, inayoua karibu kila jani bichi inaloliangukia. Muuzaji anayeijali kazi yake huuliza kwanza: "Papa, unatafuta ya kuua ao ya kuponesha?" Naliheshimu sana swali hilo. Anayeliuliza ametambua kwamba kile kiungo kidogo "ya" hakisemi dawa iko upande wa nani. Dawa ya mbu humwangamiza mbu, dawa ya meno huyatunza meno. Kiswahili kimetupa muundo mmoja kwa uadui na kwa urafiki, na mazoea ndiyo yanayotuambia upi ni upi. Kwa nyasi za kiwanja mazoea hayo hayajakaa bado. Asiyeulizwa hurudi nyumbani, hunyunyiza, na wiki mbili baadaye kiwanja kizima kimekauka, naye huamini kwamba ugonjwa ulikuwa mkali kuliko dawa.

Mazao ya chakula na ya biashara yamepata bahati zaidi. Mabwana shamba wa Tanzania na Kenya wameyapa magonjwa yake majina kwa miaka mingi, na mengi ni mazuri kweli: chule buni ya kahawa, ubwiri unga, bakajani, kinyausi kwa miche inayolala kitaluni kabla haijapandikizwa. Nyasi za kiwanja haziliwi wala haziuzwi kwa kilo, kwa hiyo hakuna aliyeharakisha kuzitafutia maneno. Kwa mtu anayependa lugha huo ni wakati adimu, maana anaweza kuyatazama maneno kabla hayajagandamana.

Waliolazimika kuyachunguza maradhi ya nyasi kwa karibu kuliko watu wengine ni watunza viwanja vya kriketi, pamoja na wenzao wa gofu. Sababu yake iko katika mchezo wenyewe. Katikati ya uwanja wa kriketi kuna kipande chembamba, urefu mita 20.12 na upana mita 3.05, chenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa gurudumu zito na nyasi zilizokatwa zikabaki milimita chache. Mpira unaorushwa kwa kawaida hudunda pale kabla ya kumfikia mwenye gongo. Baka la nyasi zilizokufa, hata likiwa dogo kama kiganja, hubadilisha namna mpira unavyoinuka. Mchezaji wa kandanda angelikanyaga baka hilo bila kulijua. Katika kriketi linaweza kumtoa mtu mchezoni. Ndiyo maana watunza viwanja hao wana jina kwa kila doa.

Bunia si mji wa kriketi. Wabelgiji walituachia kandanda na baiskeli, na mchezo huo wa Waingereza ulibaki ng'ambo ya Ziwa Albert, kwenye viwanja kama Lugogo pale Kampala. Uganda imeukuza mpaka timu yake ya wanaume ikacheza Kombe la Dunia la mizunguko ishirini kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na kuifunga Papua New Guinea. Lakini hata hapa kwetu kriketi ilipita karibu. Brigedi ya Ituri ya MONUC, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, iliyoanza kazi mwaka 2003, ilikuwa na wanajeshi wa Bangladesh na wa Pakistan, watu wa nchi ambazo mchezo huo uko moyoni mwa kila mtaa. Nyasi inayotandazwa kwenye viwanja vya kwao huitwa "dub" kwa Kiurdu na "durba" kwa Kibangla. Ni Cynodon dactylon, nyasi ileile inayotambaa kandokando ya njia zetu, nayo pwani ya Waswahili inaitwa ukoka. Neno ukoka ningependa lifike Ituri upesi. Likizoeleka, mtu ataweza kusema "ukoka wangu unaumwa" na hakuna atakayefikiria sombe, chai wala magugu.

Sasa tuje kwa mgonjwa mwenyewe, au tuseme kwa anayemgonjwesha. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogombea nafasi hiyo. Kuna kuvu, lile vumbi la kijivu linaloota juu ya unga wa muhogo uliowekwa penye unyevu. Kuna ukungu, ambao vitabu vya kilimo vya Tanzania huutumia mara nyingi kwa magonjwa ya aina hii, na ambao kwa watu wengi ni ule moshi mweupe wa alfajiri unaofunika mabonde. Kuna fangasi, neno la zahanati, la vidole vya miguu na ngozi inayowasha. Kuna koga, la nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Bunia tuna pia shampinyo, kutoka Kifaransa, lenye maana mbili zinazogongana: uyoga wa kula na muwasho wa mwilini. Mwambie mwenye kiwanja kwamba ukoka wake una shampinyo, ataleta kikapu au ataogopa kuwaruhusu watoto wakae chini.

Mimi nasimama na kuvu. Ni fupi, halijachukuliwa na ngozi ya binadamu, wala halina ladha. Na Ituri haina ugeni na kiumbe chenyewe. Mnyauko wa kahawa, unaoletwa na kuvu aitwaye Fusarium xylarioides, uliibuka upya upande wa Isiro katika miaka ya 1980, ukasambaa mashariki ya Kongo, na mwaka 1993 ukathibitishwa Uganda. Familia zilizong'oa na kuchoma mibuni yao zinajua vizuri kuvu anaweza kufanya nini, ingawa walimpa jina la tendo lake, mnyauko, na kumwacha mtendaji bila jina. Hivyo ndivyo Kiswahili kinavyofanya mara nyingi: hutaja kinachoonekana. Baka, doa, kutu, unga, vinyoya, kunyauka. Macho ya mkulima yameunda msamiati wote huu, na sioni sababu ya kuuonea aibu, kwa sharti kwamba tunachokiona kitupeleke kwenye tendo sahihi.

Hapo ndipo penye kazi ngumu. Chukua magonjwa mawili ya nyasi fupi. La kwanza hutokeza madoa madogo ya rangi ya majani makavu, mengi, kila moja likikaa peke yake mpaka yanapogusana. Asubuhi penye umande unaona juu yake nyuzi nyeupe nyembamba. La pili hutokeza mabaka makubwa ya mviringo, ya kahawia, mara nyingine upana wa hatua nzima, na asubuhi ukingo wake huwa na mstari wa kijivu uliokolea ambao watunza viwanja huuita pete ya moshi. Yote mawili ni kuvu, yote mawili hupenda unyevu na joto. Lakini la kwanza hushamiri penye nyasi zenye njaa ya naitrojeni, na urea kidogo huzisaidia kupona. La pili hushamiri penye nyasi zilizolishwa naitrojeni kupita kiasi, na urea huwa ni kulichochea. Mtu anayeyaita yote mawili "maladi ya majani" atatibu moja kwa kuliongezea nguvu lingine.

Bahati nzuri Kiswahili kina ngazi ya ukubwa tayari. Doa ni dogo, baka ni kubwa, na hakuna mtu mzima anayeyachanganya. Doa lihusishwe na njaa, baka na shibe, na nusu ya mafunzo ya mtunza kiwanja imekwisha kuingia ndani ya maneno mawili ya kila siku. Hili nililiona bila kulitafuta, na mpaka leo linanifurahisha.

Majina ya kigeni ya magonjwa haya yanahitaji uangalifu. Lile la madoa madogo Wamarekani waliliita doa la dola, kwa kuwa ukubwa wake ulilingana na sarafu ya fedha ya dola moja, yenye upana wa milimita 38. Ukilitafsiri hivyo Bunia utazua fujo. Dola tunaitumia kila siku, tunalipia nayo kodi ya nyumba na pikipiki, lakini kwetu dola ni karatasi ya mstatili, tena isiyopasuka hata kidogo, maana yenye mpasuko hukataliwa. Sarafu hazimo kabisa mikononi mwetu. Hata faranga za Kongo ni noti tupu. Kijana akiambiwa atafute doa la dola atatafuta kitu kirefu cha pembe nne. Ningesema doa kizibo. Kizibo cha chupa ya bia kila mtu amekishika, nacho ni cha mviringo na kimepungua kidogo tu kwa sarafu ile. Hata wanasayansi hawakutulia juu ya ugonjwa huu: kuvu wake aliandikwa mwaka 1937 kwa jina la Sclerotinia homoeocarpa, na mwaka 2018 akahamishiwa kwenye jenasi mpya, Clarireedia. Kama majina ya Kilatini yanaweza kubadilika baada ya miaka themanini, sisi tunao uhuru wa kutochukua dola.

Jina lingine la kigeni ni la hatari zaidi kuliko hilo, na hapa sitaki kupita haraka. Kuna kuvu wa udongoni, mmoja wao akiwa Marasmius oreades, anayeanza mahali pamoja na kutanua nyuzi zake nje pande zote kwa usawa, mwaka baada ya mwaka. Anapoozesha mabaki yaliyomo ardhini huachia naitrojeni, kwa hiyo juu yake nyasi huwa kijani kibichi kilichokolea, katika umbo la pete. Nyuzi zikizidi, udongo hukataa kupokea maji, na pete ile hugeuka kavu. Mvua ikinyesha, uyoga huchomoza kwenye mstari uleule. Waingereza wa zamani walisema ni mahali palipochezewa ngoma na vijini vya msituni. Wafaransa na Wabelgiji walisema ni duara la wachawi, na jina hilo limo katika vitabu vya Kifaransa ambavyo wanafunzi wetu wa kilimo wanavisoma.

Kwa Kiswahili cha kwetu wachawi ni balozi. Msomaji wa Zanzibar atashangaa, maana kwake balozi ni mwakilishi wa nchi. Lakini Kongo mulozi ni mtu anayesemwa kuwa anakula wenzake usiku, na wingi wake ni balozi. Fikiria mtu aliyesoma akisimama kwenye ua wa jirani, akaionyesha pete ya uyoga, na kusema kwa sauti ya kitaalamu kwamba hii inaitwa duara ya balozi. Ituri tunajua neno hilo linaweza kufanya nini. Mwezi wa Juni mwaka 2001, katika wilaya ya Aru, mamia ya watu waliuawa na majirani zao kwa tuhuma za ulozi. Hakuna neno la kilimo lenye thamani ya kuitwisha familia moja hatari ya namna hiyo. Mfasiri anayeingiza jina hili kwa sababu tu kamusi ya Kifaransa inalo hajauliza linakwenda kuishi wapi.

Nililifikiria choa, lile jina la pwani la ugonjwa wa ngozi unaotanuka kwa pete. Kibaiolojia lingefaa, kwa kuwa choa naye ni kuvu na naye hutoka katikati kwenda nje. Lakini mama angewazuia watoto wasikae kwenye nyasi kwa kuogopa kuambukizwa, na woga huo hauna msingi. Basi iwe pete ya uyoga, jina linaloeleza kilichopo na kumwachia kila mtu usingizi wake. Linaelekeza pia kwenye kazi: toboa udongo juu ya pete kwa uma wa shamba, mwagia maji mengi polepole mpaka yapenye, rudia.

Kutu haina ubishi. Poda ya rangi ya chungwa inayobaki kwenye viatu baada ya kupita juu ya nyasi zilizodhoofika inaitwa kutu kwa Kiswahili, na Kifaransa na Kiingereza navyo viliazima neno la chuma kwa ugonjwa huohuo. Tulichukue tuendelee.

Kuna suala moja lililobaki ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote, na ili kulifikia inabidi nisimulie safari ya nyasi nyingine. Kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, mashariki ya Kongo ikiwamo, huota nyasi nene inayotambaa ambayo Wazungu waliokuwa Kenya waliipa jina la Wakikuyu. Mtaalamu wa mimea Mwitalia, Emilio Chiovenda, aliiandika mwaka 1903 kwa jina lenye maana ya iliyojificha, kwa kuwa maua yake hukaa ndani ya ala ya jani. Mwaka 1919 mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo ya Wabelgiji. Zilistawi New South Wales, kwanza kama malisho, na leo nyasi hiyo imefunika viwanja vingi vya kriketi vya Australia na Afrika Kusini, pale nje ya kipande cha katikati ambako wachezaji hukimbilia mpira. Huko New South Wales ilipata ugonjwa wake: majani huwa manjano, mizizi huoza, mabaka hupanuka. Kwa miaka mingi sababu yake haikujulikana. Katika miaka ya 1980 ikaelezwa kuwa ni kiumbe kilichopewa jina Verrucalvus flavofaciens, "kinachofanya manjano".

Kiumbe hicho si kuvu. Kinafanana na kuvu kwa nyuzi zake na kwa ubaya wake, lakini ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa majini. Ukuta wa seli zake umejengwa kwa selulosi, wakati ule wa kuvu una kitini. Mbegu zake zina mikia na huogelea katika maji yaliyotuama kati ya chembe za udongo. Kwa sababu hiyo dawa nyingi za kuvu, zile zinazozuia kutengenezwa kwa mafuta maalumu ya utando wa seli, hazimgusi, na dawa kama metalaksili inayompiga yeye haiwaumizi kuvu wa kweli. Ukoo huohuo ndio unaoleta bakajani chelewa ya viazi, adui wa wakulima wa nyanda za juu za Djugu na Mahagi, na ubwiri vinyoya wa mboga. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa "ni kuvu" kwa vyote viwili anaweza kununua chupa isiyo yake, kwa pesa aliyoipata kwa shida, na kuinyunyiza bila faida yoyote.

Tumekuwa na maneno mawili, kuvu na ukungu, yakigombania maana moja. Na hapa kuna maana mbili zinazohitaji maneno. Napendekeza tugawe: kuvu kwa kuvu wa kweli, ukungu kwa viumbe hawa wa majini. Ukungu unawafaa kwa namna ambayo neno la kutungwa lisingefaa, maana ndio wanaohitaji maji yawabebe, na mkulima wa viazi tayari anajua kwamba asubuhi za ukungu mfululizo ndizo zinazomwangamizia shamba. Neno lenyewe "istilahi" limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa suluhu na maslahi. Asili yake ni kukubaliana. Makubaliano ya aina hii ndiyo ninayoyatamani: maneno mawili yaliyokuwa yakipigania kiti kimoja yapewe kila moja kiti chake.

Najua pingamizi. Vipeperushi vya Tanzania vimeshaandika "magonjwa ya ukungu" kwa kila kitu, na kuirudisha nyuma desturi iliyochapishwa ni kazi. Lakini Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar ni ya kwetu pia. Tumezoea kupokea maneno kutoka pwani. Huu ni mgogoro mmoja ambao mkulima wa Mahagi na muuza dawa wa Bunia wana ushahidi wa kupeleka, na ningependa wasikilizwe kabla ya kamusi ijayo kuchapishwa.

Upande wa vitenzi hatuna deni kwa mtu. Kiwanja hutibiwa zaidi kwa kutenda kuliko kwa kunyunyiza, na matendo yote yana maneno yake mazuri tangu zamani. Kukung'uta umande: watu wawili hushika kamba ndefu alfajiri na kuiburuta juu ya nyasi ili majani yakauke mapema, kwa kuwa mbegu za kuvu huhitaji saa kadhaa za unyevu juu ya jani ili zichipue. Kumwagilia asubuhi, kamwe si jioni. Kutoboa udongo ili hewa na maji vishuke. Kuparura lile tabaka la mashina makavu linalojikusanya kati ya majani na ardhi, ambalo kuvu hulifanya makazi. Na kunoa. Kupekupe butu, yaani panga la kukatia nyasi, au mashine yenye kisu kilichochoka, hulichana jani pasipo kulikata. Ncha iliyochanika hukauka na kuwa nyeupe, na mtu akitazama kiwanja kizima kutoka mbali hudhani kimeshikwa na doa kizibo. Apige magoti aangalie jani mojamoja. Doa la kweli liko katikati ya jani, limebanwa na mistari miwili ya hudhurungi. La kisu liko nchani tu, na tupa ya sokoni inatosha kulimaliza.